Wallahi ya Mchezoni

Swali ninalolileta safari hii litawachekesha baadhi yenu. Mtu akiapa kwa jina la Allah katikati ya mchezo wa kompyuta, kisha akavunja kiapo chake kwa sababu mchezo unaruhusu, je, amefanya kosa au amecheza vizuri? Mimi nilikuwa upande wa wanaosema amecheza vizuri, tena nilikuwa na dalili zangu. Naomba mnivumilie nieleze kwanza jambo lilivyokuwa.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani Bwera. Wanaotoka upande wetu wanaijua safari hiyo. Kutoka Mbale unaikata Uganda nzima, mashariki hadi magharibi, unafika mjini Kasese mgongo umekufa ganzi, na bado hujafika. Unapanda gari jingine hadi Kikorongo, karibu na pale mstari wa ikweta unapokatiza barabara, unaiacha njia ya Mbarara na kukunja kulia kuelekea Kinyamaseke na Kisinga, milima ya Rwenzori ikiwa mkono wako wa kulia. Bwera ni mji wa malori. Yanapanga foleni kuelekea forodha ya Mpondwe, na ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kongo. Sokoni utasikia Kikonzo na Kiswahili, na biashara nyingi zinasimama juu ya neno tu: chukua mzigo leo, utanilipa ukirudi.

Nina rafiki pale tangu shule ya msingi. Nitamwita Thembo. Kwetu Wakonzo hilo ni jina la kila mvulana wa tano, kwa hiyo nikimwita hivyo simtaji mtu. (Halihusiani na tembo, ingawa tembo watakuja hivi karibuni.) Yeye ni Mkristo. Baba yake na baba yangu waliwahi kuuza pamoja chumvi ya Katwe. Ana chumba cha kuchapa na kutoa fotokopi, chenye kompyuta mbili, na wateja wakiisha jioni chumba kinakuwa uwanja wa vita.

Mchezo wenyewe unaitwa 0 A.D. Umetengenezwa na watu wanaojitolea, kundi la Wildfire Games, na unagawiwa bure kwa leseni inayoruhusu kunakili. Nilikuwa nimeuleta kwenye flashi kutoka chuoni, na kwa mara ya kwanza nilicheza kitu bila kujiuliza kama nimekiiba. Hauhitaji intaneti. Unaunganisha kompyuta zenu kwa waya au kwa hotspoti ya simu, mmoja anafungua uwanja, wengine wanaingia. Kila mmoja anachagua taifa la karne za mwisho kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.): Warumi, Waajemi, Wasparta, Wakartago, Wakushi na wengineo. Unaanza na watu wachache na jengo moja, unakata miti, unalima, unachimba mawe na madini, kijiji kinakuwa mji, na mji unaanza kuunda jeshi.

Thembo huchukua Wakushi kila siku. Anasema maji ya mito ya Rwenzori yanaishia Nile, na Kushi iko Nile, kwa hiyo wale ni jirani zake wa chini ya mto. Zaidi ya hayo anampenda malkia Amanirenas, aliyepigana na Roma ya Augustus hadi Roma ikakubali mapatano. Mtoto wa shangazi yangu alichukua Warumi. Mimi nilichukua Kartago, kwa ajili ya Hannibal na tembo wake.

Katika mchezo huo kuna dirisha la uhusiano. Msipofunga makundi tangu mwanzo, kila mchezaji anaweza kuamua wakati wowote nani ni mshirika wake, nani si wa upande wowote, nani ni adui. Tuliacha wazi. Sote watatu tulijua maana yake. Shikeni jambo hili, maana ndilo lililokuwa ngao yangu baadaye.

Mrumi alikua haraka kuliko sisi. Dakika ya 15 hivi alikuwa tayari na askari wa miguu wanaozunguka kama mchwa. Nikamwambia Thembo tuungane. Akasita, akasema ananijua. Nikasisitiza. Ndipo akatoa mkono kwenye kipanya, akageuza kiti, akanitazama usoni. "Sema wallahi," akaniambia. Nikasema, "Wallahi sitakushambulia mpaka mmoja wetu aage mchezo." Akageuka, akabonyeza, tukawa washirika.

Mshirika ana faida kubwa. Malango ya kuta zako yanamfungukia. Askari wake wanaweza kuingia hata ndani ya ngome yako kujihifadhi. Tulimpiga Mrumi pamoja kwa muda mrefu. Hapo nilimfanyia hila ambayo mpaka leo naifurahia: nilipeleka merikebu kusini, zikaonekana wazi, yeye akakimbiza jeshi lake lote kusini, na tembo wangu wakatokea kaskazini. Tulipiga kelele. "Choma! Choma!" Mama yake Thembo akaja akasimama mlangoni. Hakukasirika. Alisema tu, "Wanangu, neno hilo hapana," akarudi jikoni.

Tulinyamaza sote, na msomaji asiyetoka kwetu anahitaji kujua kwa nini. Juni 2023 wapiganaji wa ADF waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo hapo Mpondwe, usiku. Wakachoma bweni la wavulana. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Hawakuwa wageni kwetu. Novemba 1996 kundi hilo hilo lilishambulia Mpondwe. Na ni kundi linalojipamba kwa jina la dini yetu. Nilipokwenda likizo baada ya msiba ule, kanzu yangu ilikuwa inatazamwa sokoni. Hakuna aliyenitukana. Watu walikuwa wananitazama tu, kisha wanatazama pembeni. Ijumaa ya kwanza Thembo alifunga duka saa sita, akatembea nami barabara kuu hadi mlango wa msikiti, akiongea kwa sauti kuhusu mpira. Ijumaa ya pili vilevile. Hakunieleza kwa nini anafanya hivyo, na mimi sikumwuliza.

Nirudi mchezoni. Mrumi alipobakiwa na kijiji kimoja, nilipeleka tembo wangu wote na wapiga upinde ndani ya kuta za Thembo. Aliniuliza wanafanya nini. Nikasema wanapumzika, wana majeraha. Walipokuwa wote wamejipanga kuzunguka jengo lake kuu, nilifungua dirisha la uhusiano na kubonyeza "adui". Mchezo wenyewe ni mwaminifu: ulimwandikia hapo hapo kwamba Kartago sasa ina vita naye. Alisoma tangazo lile wakati jengo lake linaanguka. Dakika nne, Kushi ikaisha. Nilicheka mpaka nikatoka machozi. Mtoto wa shangazi alicheka. Thembo naye alicheka kidogo, akazima kompyuta, akasema kesho ana kazi ya kuchapa mitihani.

Siku tatu baadaye nilikuwa narudi chuoni na nauli ilipungua. Nikamwomba Thembo shilingi 60,000, nikamwahidi kumtumia kabla ya mwezi kuisha. Alifungua droo, akahesabu, akanipa. Nikafungua mdomo kumhakikishia, naye akainua mkono kidogo. "Nitumie tu mwezi ukiisha," alisema. "Usiape."

Neno hilo nililibeba njia nzima, nikijibishana nalo. Hoja yangu ya kwanza mnaijua nyote: kuna hadithi sahihi, kwa Bukhari na Muslim, kwamba vita ni hila. Hoja ya pili ni ridhaa. Mchezaji mpira anayejifanya anakwenda kushoto kisha akaenda kulia hajamdanganya beki, maana beki aliingia uwanjani akijua atadanganywa. Dirisha tuliliacha wazi kwa makubaliano. Hoja ya tatu, kiapo cha mchezo ni laghwi, yale maneno yanayoteleza ulimini, ambayo Sura ya al-Maida, aya ya 89, inatuambia hatuchukuliwi kwayo.

Hoja ya kwanza ilianguka mapema, hata kabla ya kufika Kampala. Imam Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim anaieleza hadithi hiyo: wanazuoni wamekubaliana kwamba hila vitani inajuzu, isipokuwa ikiwa ndani yake mna kuvunja ahadi au amani iliyotolewa. Merikebu zangu za kusini ni hila. Mrumi hakuniamini, aliangalia akakosea. Thembo hakukosea kuangalia. Alifungua lango kwa sababu nilimwambia afungue.

Mtu anaweza kunirudisha kwenye Khandaq, na mimi mwenyewe nilijirudisha. Nu'aym bin Mas'ud alisilimu kwa siri, akaenda kwa Bani Quraydha na kwa Makureshi, akawatia shaka wao kwa wao mpaka muungano wao ukavunjika. Nao walimwamini kama rafiki. Kisa hicho kilinisumbua kwa kitambo. Lakini Nu'aym hakuwapa ahadi ya usalama, wala hakuingia kwao kwa kiapo cha kutowadhuru. Aliwapa habari, wao wakaipima kwa hofu yao. Mbele yake kuna kisa kizito zaidi, nacho kimo katika Sahih Muslim. Hudhaifa bin al-Yaman na baba yake walikamatwa njiani na Makureshi kabla ya Badr, wakaachiwa kwa ahadi kwamba hawatapigana upande wa Mtume (s.a.w.). Wakafika wakamweleza. Waislamu walikuwa mia tatu na kidogo, maadui kama elfu moja. Na ahadi yenyewe ilitolewa kwa washirikina, chini ya kukamatwa. Mtume aliwaambia waende zao. Ahadi itatimizwa, na msaada ataombwa Allah. Wawili hao hawakuwepo Badr.

Kilichonikamata hasa ni kisa kingine, wanachokipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Muawiya alikuwa na mapatano na Warumi, ya muda maalumu. Muda ulipokaribia kwisha akaanza kusogeza jeshi kuelekea nchi yao, ili siku ya mwisho ikipita tu awe tayari mlangoni. Hakuwa amevunja herufi hata moja ya mapatano. Akatokea mpanda farasi akipiga takbiri na kupaza sauti kwamba kinachotakiwa ni utimizaji, si hiana. Alikuwa Amr bin Abasa, sahaba. Akamkumbusha alichokisikia kwa Mtume: mwenye ahadi na watu asifunge wala kufungua fundo lake mpaka muda uishe, au awarudishie ahadi yao waziwazi, pande zote zikiwa sawa. Muawiya akarudi na jeshi lake.

Someni tena nilivyofanya mimi. Mchezo ulimpa Thembo tangazo, kama vile al-Anfal, aya ya 58, inavyotaka anayehofu hiana awarudishie wenzake ahadi yao kwa usawa. Lakini tangazo langu lilifika tembo wakiwa sebuleni. Kuna njia ya kutimiza sharti la tangazo ambayo kazi yake ni kuliua tangazo lenyewe, na mtu wa Muawiya alilijua hilo kabla ya kompyuta kuvumbuliwa.

Lililonichekesha, kicheko kibaya, ni kwamba nilikuwa Kartago. Warumi walikuwa na msemo wao kuhusu uaminifu wa Wakartago, wakimaanisha kwamba hawana. Lakini mwaka 149 kabla ya Isa (a.s.) ni Warumi waliowataka Wakartago mateka 300 wa nyumba bora, wakapewa, wakataka silaha zote, wakapewa, kisha ndipo wakawaambia wauhame mji wao wakajenge mbali na bahari. Mwaka 146 mji ukateketezwa. Aliyeshinda ndiye aliyebaki na kalamu.

Hoja ya ridhaa ilikuwa ngumu zaidi, na bado naiheshimu. Iko michezo ambayo uongo ni sehemu ya kanuni, na siamini kwamba wanaoicheza wote ni wadhambi. Wenzi wakiafikiana mwanzoni kwamba kila ahadi itakayotolewa humu ni kete tu, basi ni kete. Niliipeleka kwa ustadhi wetu wa fiqhi hivyo hivyo, nikiwa nimeipamba. Aliisikiliza yote. Kisha akauliza, "Ulimwapia kama nani? Kama Hannibal?" Nikasema ndiyo, kwa maana fulani. Akasema, "Hannibal hakuwa Mwislamu."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Nilipotoka ofisini kwake ndipo nilipokumbuka mkono wa Thembo ukiachia kipanya. Alitoka mchezoni. Alijua kabisa kwamba dirisha liko wazi, na kwamba ndani ya mchezo hakuna kinachoweza kunizuia, kwa hiyo akaenda kutafuta kizuizi nje yake. Mfalme wa Kushi hakuhitaji wallahi. Aliyeihitaji ni kijana aliyetembea nami Ijumaa mbili, na aliitafuta mahali alipodhani haiwezi kuguswa. Nikampa, kisha nikairudisha ndani ya mchezo kama kete.

Kuhusu mzaha, Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya mzaha na hakusema ila kweli. Na ipo hadithi, pia kwa Abu Dawud na Tirmidhi, ya mambo matatu ambayo mzaha wake unahesabiwa kuwa kweli: nikaha, talaka na kumrejea mke. Sikusema kiapo cha kushirikiana mchezoni kimo katika hayo matatu. Nasema tu kwamba sheria yetu haijawahi kukubali kuwa mtu akisema "natania" basi maneno yake hayana mwenyewe. Wazee wa Kasese wanalijua hili bila vitabu. Agosti 1982 Charles Wesley Mumbere aliteremka kutoka milimani na watu wake wakaweka silaha chini, baada ya miaka karibu ishirini ya vita vya Rwenzururu. Anayeshuka mlimani na kuweka bunduki chini hana tena ngao isipokuwa neno la yule wa upande wa pili.

Ikabaki laghwi. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, laghwi ni lile linalopita ulimini bila kusudio, "la wallahi," "naam wallahi," kama tunavyosema kwenye foleni ya chakula. Hapa kila kitu kinategemea moyo ulikuwa wapi. Nilikuwa nimejiambia kwamba wazo la kumgeuka Thembo lilinijia baadaye, nilipoona kuta zake zilivyo dhaifu. Nilijiambia hivyo kwa wiki kadhaa. Hata hivyo nilitoa kafara, kwa tahadhari: nafaka, kibaba kimoja kwa kila mmoja wa maskini kumi, nikanunua kidogo kidogo kutoka pesa yangu ya matumizi. Aya haimruhusu mwenye uwezo wa kulisha akimbilie kufunga, ingawa kwa mwanafunzi siku tatu za kufunga ni nafuu.

Kafara ni haki ya Allah. Ya Thembo ilikuwa bado. Nilimtumia pesa zake siku mbili kabla ya mwezi kuisha, akajibu "Imefika." Nikampigia. Nikamwambia nataka kumwomba radhi kwa ile siku ya tembo. Akasema ni mchezo tu, mbona nakumbuka mambo ya zamani. Nikamwambia sizungumzii mchezo, nazungumzia wallahi.

Akanyamaza. Nilisikia malori nyuma yake, na mtu akiuliza bei ya fotokopi. Kisha akauliza swali moja. "Ulipokuwa unaapa, ulikuwa umeshapanga?"

Nilikuwa na jibu la wiki zote zile tayari mdomoni.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa nimeshapanga."

Alimhudumia yule mteja kwanza. Nilimsikia akirudisha chenji. "Haya," akasema aliporudi. "Hilo naliamini." Kisha akaniuliza kama karatasi za kuchapia ni rahisi Mbale kuliko Kasese, na kama naweza kumletea boksi mbili nikija.